Chumvi ya Bahari Haipimwi kwa Mizani

Chota ndoo moja ya maji ya bahari nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto. Joto lake ni nyuzi 28. Yapime chumvi kwa vifaa vitatu ambavyo mfugaji wa kambamiti, mkulima wa mwani au mwanafunzi anaweza kuvipata bila taabu. Kalamu ya kielektroniki ya kupimia maji ya kisima itasoma 26.5. Haidromita ya kioo, ile inayoelea kama chelezo, itasoma kama 32. Rifraktomita, ile darubini ndogo ya kudondoshea tone moja la maji, itasoma 36.5. Maji ni yale yale na hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Jibu sahihi ni 35, yaani karibu gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima chumvi. Kalamu inapima jinsi umeme unavyopita. Haidromita inapima uzito wa maji kwa ujazo wake. Rifraktomita inapima jinsi mwanga unavyopinda. Chumvi inakuja baadaye, kwa hesabu, na kila hesabu imejengwa juu ya sharti ambalo kifaa hakikwambii. Ukilijua sharti, tofauti zote tatu zinaelezeka mpaka nukta ya mwisho.

Kwa nini tusikaushe tu?

Swali hili huulizwa na kila anayeanza, na ni swali zuri: chemsha kilo moja ya maji mpaka ikauke, pima kilichobaki, kazi imekwisha. Wakemia wa zamani walijaribu na kila mmoja alipata namba yake.

Shida ni kwamba maji ya bahari si maji yaliyotiwa chumvi ya mezani. Katika kilo moja ya maji yenye chumvi 35 mna takriban gramu 19.4 za kloridi, 10.8 za sodiamu, 2.7 za salfeti, 1.3 za magnesi, 0.4 za kalsiamu na 0.4 za potasiamu. Kinachobaki ni bikaboneti, bromidi na vitu vingine vidogo vidogo. Mkorofi hapo ni magnesi. Kloridi yake hunyonya maji na kuyang'ang'ania, na ndiyo sababu chumvi ya shambani isiyosafishwa hulowa ndani ya gunia msimu wa masika. Ukizidisha moto ili kuyafukuza maji hayo, kloridi ya magnesi inavunjika na kutoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki: kile ulichotaka kukipima kimeshapaa. Bikaboneti nazo hutoa kaboni dayoksaidi. Kwa moto mdogo utapima maji ukidhani ni chumvi. Kwa moto mkali utapoteza chumvi ukidhani ni maji. Katikati hakuna mahali salama.

Njia ya kutoka ilipatikana polepole. Mwaka 1819 Alexander Marcet alionyesha kwamba maji ya bahari mbalimbali yana vitu vile vile kwa uwiano ule ule. Kinachobadilika ni wingi wa maji matamu yanayovichanganya. William Dittmar alilithibitisha hilo mwaka 1884 alipochapisha uchambuzi wa sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari yake ya 1872 hadi 1876. Kama uwiano haubadiliki, huna haja ya kupima kila kitu. Pima kimoja, vingine vinafuata kama mabehewa.

Kilichochaguliwa ni kloridi, kwa sababu ni nyingi na inakamatwa kwa urahisi na nitrati ya fedha. Njia hiyo bado inafaa pale ambapo hakuna umeme wala kifaa cha bei. Yeyusha gramu 27.25 za nitrati ya fedha katika maji safi mpaka itimie lita moja. Chukua mililita 10 za maji ya bahari kwa pipeti, tia matone machache ya kromati ya potasiamu, kisha dondosha ile nitrati kutoka kwenye bureti huku ukikoroga. Mashapo meupe kama maziwa yaliyoganda yataanza kuonekana. Kloridi inapokwisha, fedha inaigeukia kromati na rangi inageuka nyekundu ya matofali. Vipimo hivyo vimepangwa makusudi: idadi ya mililita ulizotumia inakaribia sana kiwango cha chumvi chenyewe. Maji yenye 35 hutumia kama mililita 34.9, na tofauti hiyo ndogo husahihishwa kwa jedwali.

Makosa ya hapa ni mawili makubwa. La kwanza ni kusimama mapema, rangi nyekundu inapoonekana kwenye tone moja na kupotea. Inatakiwa ibaki hata baada ya kukoroga kwa nguvu, kwa kuwa mashapo hufungia kloridi ndani yake. La pili ni kuacha chupa ya nitrati juani, ikaharibika na kuwa nyeusi. Na kromati ni sumu inayosababisha saratani, kwa hiyo masalia hukusanywa kwenye dumu lenye lebo, hayamwagwi ufukweni.

Namba isiyo na kizio

Fedha ni ghali na mkono huchoka. Umeme ni wa haraka zaidi, na hapa ndipo namba ya chumvi ilipopoteza kizio chake, jambo linalowachanganya hata walimu.

Tangu mwaka 1978 kiwango cha chumvi kinafafanuliwa kwa ulinganisho wa umeme. Chukua gramu 32.4356 za kloridi ya potasiamu ndani ya kilo moja ya mchanganyiko, kwa joto la nyuzi 15 na kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa. Maji ya bahari yanayopitisha umeme sawasawa na mchanganyiko huo yanaitwa 35. Mengine yote hupatikana kwa kugawanya upitishaji wao kwa ule wa mchanganyiko na kupitisha jibu kwenye mlinganyo mrefu. Ukigawanya umeme kwa umeme, vizio vinafutana, inabaki namba tupu. Ndiyo maana mtaalamu huandika "chumvi 34.9" na kuishia hapo. Herufi PSU (kifupi cha Kiingereza, practical salinity unit) ambazo vifaa vingi huziandika ni mazoea, si kizio.

Je, 35 hiyo ni gramu ngapi? Karibu gramu 35 kwa kilo, lakini si hasa. Mfumo wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2010 unahesabu uzito wenyewe, na maji ya kiwango yenye chumvi 35 yana gramu 35.165 za vitu vilivyoyeyuka kwa kila kilo. Tofauti hiyo haina maana kwa mfugaji wa kambamiti. Kwa anayekokotoa mikondo ya kilindini ina maana kubwa, kwa sababu huko tofauti ya 0.01 ndiyo inayoamua maji yapi yazame chini ya yapi.

Neno "maji ya kiwango" nalo lielezwe. Ni maji halisi ya Atlantiki ya Kaskazini, yaliyochujwa, yakarekebishwa na kufungwa kwenye chupa. Zamani yalitayarishwa Copenhagen, sasa hutoka Uingereza, na maabara inayopima chumvi kwa uhakika wa 0.001 husawazisha kifaa chake kwa chupa hizo.

Joto, mchawi wa kila kipimo

Maji ya bahari yenye chumvi 35 hupitisha umeme milisimensi 42.9 kwa sentimita yakiwa na nyuzi 15. Yakiwa na nyuzi 25 yanafika 53.1, na kwa nyuzi 28 yanafika 56.2. Chumvi haijaongezeka hata chembe. Kila nyuzi moja ya joto inaongeza takriban asilimia 2.

Sasa fikiria kitambuzi cha umeme kilicho sahihi kabisa, ila kipimajoto chake kinasoma nyuzi 29 wakati maji yana 28. Kifaa kitaona umeme wa 56.2, kitalinganisha na kile ambacho maji ya nyuzi 29 yangepaswa kuwa nacho, yaani 57.3, na kitakwambia chumvi ni 34.3. Umepoteza 0.7 kwa kosa la nyuzi moja. Mtu akilalamika kwamba mita yake ya umeme imeharibika, mkague kwanza kipimajoto. Mara nyingi kitambuzi kimetolewa kwenye gari lenye joto na kutumbukizwa, naye amesoma namba kabla chuma hakijapoa. Ngoja dakika mbili, zungusha kitambuzi majini, soma namba ikitulia.

Ile kalamu ya kisima ina ugonjwa wake. Ndani yake hupima umeme, hurekebisha ufanane na wa nyuzi 25, halafu huzidisha kwa kigezo alichoweka mtengenezaji: mara nyingi 0.5, wakati mwingine 0.64 au 0.7. Kwa 0.5, 53 inakuwa 26.5. Kwa 0.7, maji yale yale yanakuwa 37. Kigezo hicho kilikusudiwa maji ya kunywa. Kalamu nyingi, isitoshe, zinakomea kabla hazijafika chumvi ya bahari, zinabaki kuonyesha namba ileile ya mwisho kama saa iliyosimama.

Haidromita ya kioo haina ujanja wowote wa ndani, na mimi naiona ni kifaa cha kuaminika kuliko watu wanavyodhani. Lakini imechorwa kwa joto fulani, lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya ndani ya shingo yake, mara nyingi nyuzi 15 au 20. Lita moja ya maji ya chumvi 35 ina uzito wa gramu 1,024.8 kwa nyuzi 20 na gramu 1,022.4 kwa nyuzi 28. Kila chumvi moja inachangia kama gramu 0.75. Kwa hiyo nyuzi nane za ziada zinafuta chumvi tatu, na ndivyo tulivyopata 32. Tumia jedwali la marekebisho, au poza maji mpaka joto lililoandikwa. Soma mstari ulio usawa wa uso wa maji, si pale maji yanapopanda kukumbatia kioo. Kiputo kimoja kilichogandamana na kioo kinaiinua; izungushe kwa vidole kabla ya kusoma.

Rifraktomita ina hila ya aina nyingine. Nyingi zinazouzwa kwa jina la kupimia chumvi zimechorwa kwa ajili ya maji yenye chumvi ya mezani tupu, ya viwanda vya chakula. Maji ya bahari ya 35 hupinda mwanga sawa na maji yenye gramu 36.5 za chumvi ya mezani kwa kilo, kwa hiyo kifaa kinasema ukweli wa jambo usilouliza. Kukisawazisha kwa maji safi hakusaidii: sifuri itakuwa sifuri, kosa litabaki kule juu. Dawa ni kutengeneza maji ya kulinganisha. Kausha chumvi safi ya mezani kwenye oveni, pima gramu 36.5, ongeza maji yaliyokenekwa gramu 963.5. Kifaa kilichochorwa kwa bahari kitasoma 35. Kilichochorwa kwa chumvi tupu kitasoma 36.5. Hapo umejua unashika nini mkononi. Maji yale ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya betri yanafaa kwa kazi hii, ila soma lebo mara mbili, kwani duka lile lile huuza na asidi ya betri. Na ukipimia juani, tone litakauka pembeni mwa kioo na kusoma juu zaidi. Funika, ngoja nusu dakika, soma kivulini.

Kuna mahali ambapo hila hizi zote hazitoshi. Hesabu ya umeme imekubaliwa kwa chumvi kati ya 2 na 42 tu, na inadai uwiano wa bahari. Mashamba ya chumvi yanapita mpaka huo mapema. Maji yakikauka, chokaa hutangulia kushuka chini, kisha jasi, na chumvi yenyewe huanza kuganda maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi. Uwiano wa mwanzo umeshavurugika. Ndiyo maana mvunaji hutumia haidromita ya Baumé, yenye skeli yake yenyewe: bahari husoma kama 3.5, chumvi huganda kuanzia kama 25.5, na ifikapo kama 29 maji yaliyobaki humwagwa kabla magnesi haijaitia chumvi uchungu. Ziwa Katwe la Uganda ni kisa kingine. Maji yake yamejaa kaboneti na salfeti kwa uwiano ambao bahari haiujui, kwa hiyo mita ya bahari ikitumbukizwa mle itatoa namba safi isiyo na maana yoyote.

Oksijeni kwenye chupa

Oksijeni ndiyo kipimo ninachopenda kukieleza polepole, kwa sababu njia bora mpaka leo ni ile ambayo Lajos Winkler wa Hungaria aliitangaza mwaka 1888, na kila hatua yake ina sababu unayoweza kuiona kwa macho.

Tumia chupa ya mililita 300 yenye kizibo cha kioo kilichochongoka. Ingiza mpira mwembamba mpaka ufike kitakoni, acha maji yaingie taratibu kutoka chini, yajae, yafurike, na yaendelee kufurika mpaka maji ya chupa yamebadilishwa mara mbili au tatu. Yakimwagika kutoka juu kama unavyojaza ndoo bombani, yanabeba hewa na kipimo kimekufa kabla hujaanza. Toa mpira polepole. Ingiza mililita 1 ya salfeti ya manganizi, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji, kisha mililita 1 ya mchanganyiko wa magadi makali (soda kaustiki) na iodidi. Funga kwa kuegemeza kizibo pembeni ili kisifungie kiputo. Kiputo cha ukubwa wa punje ya mbaazi, mililita 0.1 hivi, kinaongeza zaidi ya asilimia 1 ya oksijeni kwenye maji ya nyuzi 28. Cha mililita nzima kinaongeza kama 14.

Pindua chupa juu chini mara kadhaa. Wingu litajitokeza. Likiwa jeupe, maji hayana oksijeni. Likiwa la kahawia kama chai ya maziwa, oksijeni imeikamata manganizi na kuibadilisha. Liache litue mpaka nusu ya chupa, pindua tena, liache litue tena. Mara ya pili si ya mapambo, bali ya kukamilisha kilichobaki juu. Kisha tia mililita 1 ya asidi kali ya salfuriki. Mashapo yanayeyuka, manganizi inairudia iodidi na kuigeuza kuwa iodini, na maji yanakuwa ya rangi ya dhahabu. Wingi wa iodini hiyo ndio wingi wa oksijeni iliyokuwemo.

Pima mililita 201 za maji hayo. Ile 1 ya ziada inafidia maji yaliyosukumwa nje na kemikali zako mbili. Dondosha thayosalfeti ya 0.025 M, yaani gramu 6.205 za fuwele zake kwa lita. Rangi ikififia na kuwa njano hafifu, ndipo utie wanga, nao utaigeuza kuwa buluu. Ukiutia mapema, wanga hung'ang'ania iodini na kuiachia kwa shingo upande, nawe utapitiliza. Endelea tone kwa tone mpaka buluu itoweke. Kwa vipimo hivi kila mililita moja ya thayosalfeti ni miligramu moja ya oksijeni kwa lita: ukitumia 6.3, jibu ni 6.3. Buluu ikirudi baada ya dakika chache, iache. Hiyo ni hewa ya chumbani. Thayosalfeti huoza, kwa hiyo isawazishwe kwa iodeti ya potasiamu kila siku ya kazi.

Maji ya chumvi 35 na nyuzi 28 yakishiba hewa hubeba takriban miligramu 6.4 kwa lita. Maji matamu ya joto hilohilo hubeba 7.8. Hapo ndipo mita za oksijeni huwaponza watu: mita nyingi huuliza kiwango cha chumvi kwenye menyu, na mtumiaji akiacha sifuri, kila namba itazidi kwa zaidi ya asilimia 20. Bwawa linalokaribia kuua kambamiti litaonekana lina afya. Jambo jingine, andika saa. Juu ya majani ya bahari, adhuhuri, oksijeni hupita kiwango cha kushiba na viputo huonekana vikipanda. Alfajiri pale pale huwa imeshuka, kwa sababu usiku kila kiumbe kilikuwa kikipumua na hakuna kilichokuwa kikitengeneza. Kipimo cha oksijeni kisicho na saa hakilinganishwi na kingine.

pH na kiyoyozi cha maabara

Uso wa bahari una pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ya takriban 8.1. Tangu viwanda vianze kumwaga kaboni dayoksaidi hewani imeshuka kama 0.1, na inaendelea kushuka kwa karibu 0.002 kwa mwaka. Mita nzuri ya mkononi, ikitunzwa vyema, huweza kukosea kwa kama 0.05. Gawanya: mita hiyo inahitaji robo karne kabla mabadiliko ya bahari hayajatoka nje ya kosa lake. Kwa hiyo anayetaka kuonyesha bahari inazidi kuwa na asidi kwa mita ya mkononi na miaka mitatu ya vipimo anajisumbua bure. Kifaa hicho kinafaa kuonyesha kupanda na kushuka kati ya asubuhi na jioni kwenye vidimbwi vya mwamba, ambako tofauti huwa kubwa.

Kosa la kwanza ni bafa, yaani maji yenye pH inayojulikana ya kusawazishia mita. Zile za 4, 7 na 10 zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa maji matamu. Elektrodi, ile ncha ya mita inayotiwa majini, iliyozizoea ikitiwa kwenye maji yenye chumvi nyingi hubadilisha volti zake, na jibu linahama kwa kiasi kisichotabirika. Maabara za bahari hutumia bafa ya tris iliyotengenezwa ndani ya maji ya bahari ya kubuni, au zinaachana na elektrodi kabisa: zinatia rangi ya zambarau ya meta-kresoli na kupima mwanga kwenye mawimbi ya nanomita 434 na 578. Uwiano wa mwanga huo unatoa pH kwa uhakika wa sehemu kadhaa za elfu moja, wala hauhitaji kusawazishwa kila asubuhi.

La pili ni joto tena. Sampuli ikipoa, pH yake hupanda kama 0.015 kwa kila nyuzi. Chupa iliyochotwa ikiwa na nyuzi 28 na kupimwa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 itasoma 0.12 zaidi. Kiyoyozi kimefuta mchango wa mapinduzi ya viwanda. Kwa hiyo joto la kupimia huandikwa kando ya pH kila mara, pamoja na skeli iliyotumika, ndipo hesabu ya kuirudisha kwenye joto la bahari iwezekane.

Kama sampuli itasafiri, viumbe vidogo vilivyomo vitaendelea kupumua njiani na kushusha pH. Hivyo hutiwa kloridi ya zebaki, kiasi kidogo mno, na chupa hufungwa kwa kizibo kilichopakwa grisi. Ni sumu kali: lebo nyekundu, na masalia yote yanarudi maabara.

Rutuba, yaani nitrati, fosfeti na silika, nitazipitia haraka kwa kuwa zinadai maabara kamili. Fosfeti hupimwa kwa rangi ya buluu ya molibdeni, nitrati hupitishwa kwenye kadmiamu na kugeuzwa rangi ya waridi. Uso wa bahari yetu ya tropiki una rutuba kidogo sana, kwa hiyo jasho la kidole, moshi wa sigara au sabuni ya kuoshea chupa vinaweza kuzidi kilichomo baharini. Silika isiwekwe kwenye chupa ya kioo, maana kioo chenyewe ni silika.

Kutoka mashuani

Melini kazi hufanywa na kifaa kinachoitwa CTD, kinachopima umeme, joto na kina kwa pamoja, kikizungukwa na chupa za Niskin zinazofungwa moja moja kwa kina unachotaka. Kabla ya kuteremshwa hukaa kama mita 10 chini ya uso kwa dakika mbili tatu, pampu itoe hewa na vitambuzi vizoee joto, kisha hupandishwa karibu na uso na kuanza safari kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Data ya kushuka ndiyo inayotumika, kwa sababu wakati wa kupanda vitambuzi hupita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa na fremu yenyewe.

Ukiona mchoro wa chumvi una miiba mikali pale joto linaposhuka ghafla, usitangaze ugunduzi. Kipimajoto na kitambuzi cha umeme havina wepesi sawa. Kimoja kimeshafika kwenye maji ya baridi, kingine bado kinakumbuka ya moto, na hesabu inaoa namba mbili za mahali tofauti. Hurekebishwa kwa kusogeza data ya kimoja kwa sehemu ya sekunde. Kosa likibaki katika mteremko mzima, sawasawa toka juu mpaka chini, basi mara nyingi ni mwani au mafuta yamejipaka ndani ya kitambuzi cha umeme, na chumvi itasoma chini.

Chupa zikifika sitahani, mpangilio wa kuchota haubadilishwi. Oksijeni huanza, kwa sababu hewa inaingia mara tu chupa inapofunguliwa. Inafuata pH na vipimo vya kaboni, halafu rutuba, na chumvi mwisho kabisa kwa kuwa haiogopi hewa. Chumvi ina adui wake mwingine, nao ni ukavu. Chupa yake husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, hujazwa mpaka begani, mdomo hufutwa mkavu, kisha hufungwa kwa kizibo chenye mpira. Punje ya chumvi iliyokauka mdomoni ikianguka ndani siku ya kupima, na kifaa kinachosoma mpaka 0.001, utapata maji ambayo hayakuwahi kuwepo baharini. Kwenye lebo, kwa penseli kwani wino hulowa: tarehe, saa, latitudo na longitudo, kina, namba ya chupa, joto lilipochotwa, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Bamvua kwenye mlango wa Rufiji inaweza kubadilisha chumvi ya mahali pamoja kati ya asubuhi na adhuhuri kuliko inavyobadilika kati ya kaskazi na kusi nje ya mwamba.